Mtoto wa Ishirini

Barua ya wilaya ya shule ilikuwa na mistari minne tu, na katika mstari wa tatu palikuwa na idadi ambayo Delfina Arreola hakuitarajia: kumi na tisa. Aliisoma akiwa amesimama kibarazani, mabuti ya mpira ya kiwanda cha nyama bado miguuni, kisha akairudia polepole kana kwamba kosa lilikuwa la macho yake.

Sheria ya Texas ilitaka watoto ishirini. Wakifika ishirini katika darasa moja, wote wa lugha moja na Kiingereza chao hakijatosha, wilaya haina hiari; lazima iwafungulie darasa la lugha mbili, wajifunze kusoma na hesabu kwa Kihispania huku Kiingereza kikiingia taratibu. Wakipungua hata mmoja, atatafutwa mwalimu wa kuwatoa darasani saa moja kwa siku, awafundishe Kiingereza, kisha awarudishe wakakodoe macho.

Na Delfina aliwahesabu mwenyewe. Majira yote ya joto alipita nyumba kwa nyumba mjini Palo Seco, akapata ishirini, pamoja na binti yake Yaretzi. Kila mama aliapa kwamba kwenye fomu ya shule, palipoulizwa lugha ya nyumbani, ameandika Kihispania. Nani basi aliyemgeuka?

Shaka ikishaingia nyumbani haikai kitako. Kwanza alimshuku karani wa shule, Bi Tidwell, mwanamke wa miwani ya mnyororo aliyepokea fomu kwa ncha za vidole. Kisha akamkumbuka jirani yake Chayo, ambaye siku hizi alimsemesha binti yake Kiingereza dukani, kwa sauti, ili wasikie wenye kusikia. Alimkuta kwenye mashine za kufulia za mtaani, akikunja mashuka.

"Shoga, uliandika nini kwenye ile fomu?"

Chayo hakuinua uso. "Mara ya tatu hii unaniuliza."

"Nijibu mara ya tatu."

"Kihispania! Unataka nikuandikie ukutani?" Alilitupa shuka kapuni. "Umeanza kutupekua kama polisi wa mpakani. Hebu kajipekue na wewe!"

Wanawake wawili waliokuwa wakingoja mashine walicheka. Delfina aliondoka akiwa amezidi kuamini kwamba mwenye hatia ndiye mwenye makelele.

Kesho yake alikwenda shuleni. Alitaka fomu zote ishirini. Bi Tidwell akamweleza kwa Kihispania chake cha kuchechemea kwamba mzazi huruhusiwa kuona ya mwanawe tu.

"Basi nipe ya mwanangu," Delfina alisema, akiwa na hakika kwamba atakuta wino wa mtu mwingine juu ya wino wa mumewe. Wiki ile ya uandikishaji yeye alikuwa zamu ya asubuhi, na Eusebio ndiye aliyeijaza na kuipeleka.

Hapakuwa na wino juu ya wino. Lugha izungumzwayo nyumbani: Kiingereza. Lugha ya mtoto: Kiingereza. Herufi kubwa zilizosimama wima, zilezile alizoziona miaka tisa kwenye orodha za sokoni.

"Inaweza kusahihishwa," alisema Bi Tidwell kwa upole ambao Delfina hakuutegemea. "Lakini mwisho ni Ijumaa. Na aliyetia sahihi ndiye arudi."

Jioni ile Delfina aliweka maharage mezani, akangoja hadi Yaretzi alipotoka kwenda kuendesha baiskeli.

"Umeniacha nizunguke mji mzima nikiwashuku watu, Eusebio. Nimemkosea Chayo."

Eusebio aliikunja tortila, ule mkate mwembamba wa mahindi, asiile. "Nilidhani wako wengi. Mmoja asingeonekana."

"Kwa nini?"

"Hukusoma huku wewe. Mimi nimesoma huku." Aliirudisha tortila sahanini. "Walituambia hivyohivyo: darasa lenu maalumu. Chumba cha nyuma, karibu na tanuri la kupashia jengo joto. Miaka mitatu napaka rangi picha za bata. Nilipotoka, wenzangu wanagawanya, mimi hata kujumlisha sijui. Ukisema Kihispania uani, unachapwa kwa kibao cha mti. Leo ghafla wanakipenda? Wanakipendea nini?"

Delfina alikuwa na maneno mengi tayari, yote makali. Lakini swali la mumewe lilimwingia. Yeye aliyemshuku kila mtu hakuwahi kulishuku darasa lenyewe.

"Twende tukalione," alisema hatimaye.

Alhamisi Nohemí Lucero, mwalimu aliyepangiwa darasa hilo, aliwapokea shuleni. Chumba kilikuwa upande wa mbele, mkabala na ofisi. Eusebio alikagua kama mtu anayenunua gari bovu: akafungua kabati, akajaribu dirisha, akafunua vitabu kuona kama vina maneno au bata.

"Wanakaa humu miaka mingapi?" aliuliza.

"Mpaka darasa la tano. Nusu ya siku Kihispania, nusu Kiingereza," alijibu mwalimu. "Kuna mpango mwingine wa kuwatoa baada ya miaka miwili. Huo niliukataa."

"Na wakikulazimisha?"

Mwalimu alimtazama. "Nitahitaji wazazi wenye kelele."

Eusebio hakucheka. Hapo ndipo Delfina alipogundua kwamba tangu waingie kwenye lile jengo mumewe alikuwa akinong'ona. Mwanamume mwenye mabega yale, ambaye kiwandani husikika juu ya misumeno, alikuwa akizungumza Kihispania kama mtu anayepita penye mbwa aliyelala. Wala hakujijua.

Fomu mpya ilikuwa juu ya dawati, kalamu kando yake.

"Niache kidogo," alimwambia mkewe, kwa sauti ileile ndogo. "Nina ya kumwuliza."

Delfina alitoka, akasimama ukumbini. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kitasa. Alitaka kuchungulia aone ataandika nini, akajizuia, akauondoa kidole kimoja kimoja. Upande wa pili, Bi Tidwell alikuwa akipiga mihuri.

Kutoka ndani sauti ya Eusebio ikauliza kwa Kihispania, chinichini, swali moja, kama Yaretzi atafundishwa kugawanya, kisha ikaliuliza tena, safari hii kwa nguvu, ikajaza ukumbi mzima hadi karani akaacha muhuri hewani na kuinua kichwa.