Shanga Tatu Nyeupe

Ukitaka kumkasirisha Naisenya wa Isinya, mwoneshe ushanga uliotungwa ovyo. Vumbi la malori ya kokoto analivumilia, na kuku wa jirani wakiingia jikoni kwake anaweza kuwanyamazia. Lakini akiona nyekundu imekaa ubavuni mwa rangi ya chungwa bila nyeupe kuzikata katikati, mikono inamwasha na maneno yanamtoka. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha kule Mashuuru tangu akiwa na miaka sita, na mama yake hakuwa mtu wa kurudia somo mara mbili.

Tuseme ukweli, alikuwa na haki ya kuringa. Maharusi wa upande wote ule walivaa kazi ya mikono yake. Mtu akipita barabarani, Naisenya alimtazama shingo kabla ya uso, kisha akakwambia bila kusita: huyu ni wa jamii ya Kaputiei kama sisi, yule ni Matapato, na yule mwingine amenunua vya watalii. Shule aliiacha darasa la tatu, na kitabu hakimwambii kitu, lakini shingo za watu alizisoma. Aliyethubutu kushindana naye ni mmoja tu, Mama Kisemei wa Kitengela, ambaye naye hutunga, na ambaye hajawahi kumsifu mtu yeyote tangu azaliwe.

Jambo la pili aliloringia Naisenya ni binti yake Seleyian, mwanafunzi wa kidato cha nne katika shule ya kutwa ya Kitengela. Huyo ndiye aliyekuwa akimdunga bibi yake sindano ya insulini kila likizo, maana mzee wa Mashuuru sasa ana ugonjwa wa sukari na macho yake hayaoni tena alama za bomba la sindano. Siku moja msichana akamuuliza: kama mimi na mama hatudungwi, basi insulini yetu inatengenezwa wapi, na inajuaje njia ya kufika kwenye damu? Bibi akamwambia aulize walimu. Akauliza, akasoma, akauliza tena, na swali hilo likamfikisha kwenye kongamano la sayansi la kaunti, Kajiado mjini. Watatu wa kwanza wangeendelea ngazi ya juu. Kwa mtu wa kidato cha nne, hapakuwa na mwaka mwingine wa kujaribu.

Kifaa cha maonyesho alikitengeneza kwenye meza ya mama yake, kwa shanga za mama yake. Alihitaji rangi ishirini, kila rangi kwa aina moja ya asidi amino, vile vipande vinavyounda protini ya insulini, na makopo ya Naisenya yalikuwa nazo zote. Mama alijipiga kifua kwa hilo wiki nzima. Seleyian alitunga shanga mia moja na kumi kwa mikono yake mwenyewe, akazigandisha kwenye kadibodi kwa gundi, isipokuwa ishirini na nne za mwanzo. Hizo aliziacha zikining'inia kwenye uzi, kwa sababu ndizo angezipitisha kwenye kitundu alichokiita mlango.

"Yeyo," alimwambia mama yake, "hii imekwisha. Isiguswe na mtu. Mwalimu Gitonga amesema mzazi akiweka mkono, wanakata marks."

"Nani ataigusa?" Naisenya akajibu, na wakati huo alimaanisha kila neno.

Ijumaa alasiri Seleyian akaenda kwa rafiki yake kupiga sare pasi. Naisenya akabaki peke yake na kile kifaa, akakisogelea ili akitazame tu. Mungu wangu. Mwanzo wenyewe, nyekundu imebanana na chungwa. Katikati ndipo kulikuwa na aibu kamili: chungwa mbili, nyekundu, chungwa mbili, nyekundu, chungwa. Hapakuwa na chochote cha kuzikata. Akawaza watu wa Kajiado watakavyoutazama ushanga huo, wamtazame na mama mtu aliyeketi nyuma, waulizane huyu mtoto amefundishwa na nani. Pengine Mama Kisemei naye angekuwepo.

Akafungua uzi. Akatoa nyekundu tatu, akaweka nyeupe tatu, akafunga kama ulivyokuwa. Hata dakika kumi hazikufika. Zile za kwenye gundi nazo zilikuwa na makosa yake, ila hizo hazikutoka, na kwa vyovyote macho ya watu huanzia mwanzoni. Akarudi nyuma hatua moja, akatabasamu. Alikuwa amemfanyia mwanawe wema, na hakuona haja ya kumwambia.

Jumamosi Mwalimu Gitonga aliwachukua kwa gari lake. Naisenya alikuwa amevaa kila kitu alichokuwa nacho, shingoni, masikioni na mikononi, hata kila gari liliporuka tuta alisikika. Ukumbi ulijaa wanafunzi, walimu na wazazi. Meza ya Seleyian ilipofikiwa, jaji mkuu akasimama mbele yake. Aliitwa Daktari Apondi, mama mfupi wa miwani aliyetoka chuo kikuu, na tangu asubuhi hakuna aliyemwona akicheka.

"Wazazi ni wengi hapa," akasema. "Eleza kwa Kiswahili, na wao wasikie."

Seleyian akagusa ukingo wa kadibodi.

"Protini inatungwa kama huu ushanga," akaanza. "Ndani ya seli kuko na mashine ndogo sana, inaitwa ribosomu. Hiyo ndiyo inatunga, moja baada ya ingine, kwa mpangilio wake. Sasa, protini zingine kazi yao ni ndani ya seli, zinabaki. Zingine lazima zitoke. Insulini ni ya kutoka, kwa sababu inahitajika kwa damu. Seli itajuaje gani ni ya kubaki na gani ni ya kutoka? Imeandikwa hapa mwanzo. Hizi ishirini na nne ndizo zinasema inaenda wapi."

Naisenya, kwenye safu ya tatu, alinyoosha shingo ili jirani zake wote wamwone. Kichwa kilikuwa kimevimba. Huyo anayesema hivyo mbele ya madaktari ni wake, amezaliwa pale Isinya, kitovu chake kiko nyuma ya nyumba.

"Hizi zikichomoza tu," Seleyian akaendelea, "kuko na kitu inazishika na kuleta mashine yote mpaka kwa huu mlango. Mlango wenyewe ni utando wa mafuta. Na hizi za katikati, chungwa na nyekundu, zote ni zile hazipendi maji. Zinapenda mafuta. Ndiyo maana zinapita. Zikishapita, huu mwanzo unakatwa, kazi yake imeisha. Ile imebaki inakunjwa, inapelekwa mahali panaitwa Golgi, inapangwa, inafungwa kwa vifuko vidogo, halafu inatolewa nje."

Shingo ya Naisenya ilirudi chini polepole. Chungwa na nyekundu.

"Na nyeupe?" akauliza Daktari Apondi.

"Nyeupe ni ile inapenda maji kabisa. Kwa mafuta haipiti."

"Sawa. Nisomee hizo za katikati, moja moja."

Seleyian akashika uzi, akaweka kidole. "Leusini, leusini," akasema. Kisha kidole kikasimama. Akakisogeza nyuma, akahesabu kutoka mwanzo bila sauti, akafika palepale. Jaji mwingine aliyekuwa na karatasi akainua kalamu yake.

"Hii si yangu," Seleyian akasema kwa sauti ndogo. "Hapa niliweka nyekundu, alanini."

"Ulitunga mwenyewe?"

"Nilitunga mwenyewe."

"Basi hiyo nyeupe imetoka wapi?"

Naisenya alijua imetoka wapi. Aliona mambo mawili kwa wakati mmoja, na yote mawili yalikuwa mabaya. Akinyamaza, binti yake anaonekana hajui alichokitunga. Akisema, ni mzazi aliyeweka mkono, na mbele ya watu wote hawa, yeye Naisenya ambaye hajawahi kuambiwa kazi yake ina kosa, atasema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ameharibu ushanga. Hilo la pili lilimchoma zaidi ya alivyotarajia. Akaona haya kwa kuchomwa nalo. Basi akapiga moyo konde, akasimama, na mapambo yake yote yakalia.

"Ni mimi," akasema. "Niliweka nyeupe jana, yeye akiwa ameenda kupiga pasi. Yeye hakujua. Nikateni mimi, msimkate yeye."

Watu wakageuka. Mwalimu Gitonga akafunika macho kwa kiganja. Daktari Apondi akamtazama mama huyo kutoka kilemba hadi viatu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaonekana kama mtu aliyesikia kitu asichokitarajia.

"Kwa nini uliweka, mama?"

"Kwa sababu ilikuwa imekosewa. Nyekundu na chungwa hazikai pamoja, lazima zikatwe. Mtu akivaa vile ilikuwa, sisi hatuwezi jua ametoka wapi. Sasa vile nimerekebisha, mtu yeyote wa Kajiado ataona, aseme huyu ni wa Kaputiei, mrudisheni kwao."

Vicheko vikasikika huku na kule. Seleyian hakucheka. Alikuwa anamtazama mama yake, kisha uzi, kisha mama yake tena, na Naisenya aliyatambua macho hayo. Ndiyo aliyokuwa nayo siku ile alipomuuliza bibi yake lile swali.

"Daktari," msichana akasema, "naweza endelea?"

"Endelea."

"Mama yangu amefanya kitu seli inafanya. Amesoma mwanzo, akasema huyu ni wa wapi. Ni vile tu anasoma lugha yake, na seli iko na yake." Akainua uzi juu ili wote waone. "Ile yangu ilikuwa inasema, nipelekeni nje. Hii yake kwa seli inasema kitu ingine. Nyeupe mbili kati ya tatu zimeingia katikati ya zile zinapenda mafuta, mlango hauwezi kuijua. Protini itatungwa yote, shanga mia moja na kumi, hakuna imepotea. Lakini itabaki ndani, na haina kazi huko. Mwishowe seli itaivunja."

Alipoendelea, sauti yake ilikuwa imetulia kabisa.

"Na hii si mchezo. Kuko na watoto wanazaliwa na kosa hapa mwanzo, moja tu, si tatu. Wanapata sukari wakiwa wadogo sana. Maagizo ya insulini wako nayo. Ile hawana ni mwanzo unasomeka. Kokoo, bibi yangu, ako na sukari, yake ni ya uzee, si hii. Lakini ni yeye alifanya nikauliza."

Naisenya alikuwa bado amesimama, amesahau kuketi. Hakuelewa yote, na hatujidai kwamba alielewa yote. Alielewa kwamba kosa lake limechukuliwa mbele ya watu likageuzwa somo, na aliyeligeuza hakumwaibisha. Machozi yakamjaa, akayaacha. Huyu ni wangu, akajiambia, huyu nimemzaa mimi.

Majaji walienda pembeni, wakateta kwa muda mrefu. Waliporudi, Daktari Apondi alisoma matokeo kwa sauti ileile kavu. Alama za kazi ya mikono zilikatwa, kama sheria ilivyosema. Nafasi ya kwanza ikaenda Loitokitok, ya pili Ngong. Ya tatu ikaenda kwa Seleyian, na wa tatu anaendelea. Kisha akavua miwani.

"Utunge upya," akamwambia msichana. "Na mama asiguse."

"Sitagusa," Naisenya akajibu kutoka nyuma kabla ya kuulizwa, na ukumbi mzima ukacheka, na yeye pia.

Jumapili iliyofuata, kabla ya ibada, Seleyian alikaa mezani kurekebisha uzi wake. Naisenya aliketi kiti cha pili, ameikalia mikono yake yote miwili. Nyekundu ikaingia ubavuni mwa chungwa. Akaguna, akafumba macho, hakugusa. Kazi ilipokwisha akavuta kopo lake, akachukua uzi mwingine, akasema, "Sasa nisomee. Yangu."

"Ya nini, Yeyo?"

"Nisomee, nimesema."

Seleyian akamsomea, naye akatunga, jina moja kwa rangi moja, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka midomo ikazoea. Akaufunga uzi shingoni, juu ya vyote vingine, wakaenda Kitengela kanisani.

Ibada ilipotoka, Mama Kisemei alikuwa amesimama mlangoni akisalimia watu. Macho yake yakafika shingoni mwa Naisenya, yakabaki pale. Uso ukamchangamka kwa furaha mbaya.

"Takwenya, Naisenya."

"Iko," Naisenya akaitikia salamu.

"Leo ni nani amekutungia? Nyekundu na chungwa zimelala kitanda kimoja. Hiyo si Kaputiei, si Matapato. Hiyo ni ya wapi?"

Wanawake wengine wakasogea. Naisenya hakuharakisha. Akanyoosha shingo, akaweka kidole kwenye ushanga wa kwanza, na yeye aliyeacha shule darasa la tatu akaanza kuwasomea.

"Methionini," akasema. "Alanini. Leusini. Triptofani." Akawasomea zote ishirini na nne bila kuruka hata moja, na Seleyian, nyuma yake, akawa anahesabu kwa vidole. Kisha akamtazama Mama Kisemei usoni.

"Inasema, nipelekeni nje," akamwambia. "Ni ya msichana wangu."