Radi na Profesa

Madam Candida alikuwa ameiweka simu yake dirishani, pale mtandao unapokamata vizuri, na kila lori lililopita likipiga honi kuelekea Mchikichini lilimtia hofu kwamba simu itaanguka. Simu ikianguka, vishikwambi vyote darasani vinapoteza mtandao. Na mtandao ukikatika leo, Azza amekwisha.

Maana Mwalimu Heriel, mwalimu mkuu, alishahukumu. Katika mtihani wa majaribio wa darasa la saba, karatasi ya sayansi ya Azza na ya jirani yake Godbless zilifanana mpaka makosa. Wote wawili wakaitwa ofisini. Godbless, mtoto wa duka la Kariakoo, mdomo wa kuuzia alizaliwa nao. Alijieleza mpaka chai ya mkuu ikapoa. Azza ana kigugumizi. Neno la kwanza lilimkwama kooni, mkuu akatazama saa, kesi ikaisha: binti ameangalizia, arudi darasa la sita. Na baba yake, Mzee Turki, alishasema kwamba akirudishwa darasa basi shule imemshinda, abaki dukani kukunja majora ya vitambaa.

Candida hana subira na watu wanaopima akili kwa kasi ya ulimi. Aliomba jaribio moja tu, la mtandaoni, hapohapo darasani. Mkuu atunge maswali mwenyewe, kila mtoto awe na kishikwambi chake, na majibu yapangwe tofauti kwenye kila kioo ili kuchungulia kwa mwenzako kusikusaidie kitu.

"Sawa," alisema mkuu. "Lakini likiisha, Madam, sitaki kusikia tena habari za huyo mtoto."

Watoto wakaingia kwenye jaribio kwa majina ya kubuni, kama kawaida yao. Ukutani, kwa projekta ya kompyuta ya Candida, yakajipanga: Karoti, Bosi wa Mitumba, Fundi Feni, Profesa, Radi. Aliyejua nani ni nani ni Candida peke yake, na tangu Januari alikuwa amewaahidi kwamba hatamtaja mtu. Ahadi hiyo ndiyo iliyowatoa woga. Hata wale waliozoea kujificha nyuma ya migongo ya wenzao siku hizi walijibu.

Swali la kwanza, kwa nini kijiti huonekana kimepinda kikiwa majini. Radi akawa juu. La pili, Radi tena. La tatu, duara la mtandao likaanza kuzunguka ukutani bila kuleta kitu, na Candida akageuka kuitazama simu dirishani. Azza alikuwa amekaa mbele kabisa, mbali na Godbless, ameng'ang'ania kishikwambi kwa mikono miwili. Duara likazunguka, likazunguka, hatimaye likaachia. Radi.

Maswali yalipoisha, Radi alikuwa kileleni na Profesa mkiani. Darasa likaangua kicheko.

"Profesa wa wapi huyu!" alisema mkuu, naye akicheka. Kisha akaacha kucheka. "Radi ni Godbless, hilo liko wazi. Fungua majina, Madam."

"Mwalimu, niliwaahidi watoto."

"Basi matokeo ya Azza nayafuta leo hii. Chagua."

Candida akamtazama Azza. Midomo ya mtoto ilikuwa inafunguka na kufungika, inafunguka na kufungika, na hakuna kilichotoka. Akifungua majina, yanafunguka yote kwa mpigo, na Karoti na Profesa na wote wa chini wataaibika mbele ya wenzao, na hawatajibu tena mwaka mzima. Asipofungua, Azza anaenda kukunja majora. Alimchukia Mwalimu Heriel kwa moyo wake wote. Akasogeza mshale kwenye kompyuta.

"Madam, usifungue."

Godbless alikuwa amesimama. Ile sauti ya kuuzia haikuwepo.

"Profesa ni mimi."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Kwenye mtihani mimi ndiye niliyeangalizia kwake. Na kule ofisini niliongea sana kwa sababu nilijua yeye hataweza kuongea."

Kalamu aliyokuwa akiichezea, mkuu akaiweka mezani, akageuka.

"Azza. Kwa hiyo Radi ni nani?"

Azza akasimama. "Ni m... Ni m..."

Mkuu akafungua kinywa ammalizie. Candida akainua mkono kumzuia bosi wake, mbele ya darasa zima.

"Mwache, mwalimu. Atamaliza mwenyewe."

Lori likapita nje na honi zake. Mkuu akaanza kuinua mkono atazame saa, akaona haya, akaushusha. Wakangoja wote.

"Ni mimi," alisema Azza.