Daraja la Bi. Ryu

Siku Moez alipobandika ukurasa wa gazeti la Kikorea ukutani, nyuma ya kaunta, Leokadia aliunguza kola ya shati la mteja. Alikuwa amepiga pasi katika duka lile la dobi, pale Parkdale, Toronto, kwa miaka sita, na hakuwa ameunguza hata leso.

Moez, mwenye duka, alikuwa Mwismaili wa Mwanza, na alipenda kusema Kiswahili kila alipopata wa kusema naye. Tangu siku ya kwanza alimwita Leokadia "Mwalimu", maana kabla ya kuja Toronto alifundisha shule ya msingi karibu na Kyaka, mkoani Kagera. Tena hakuwa mwalimu tu. Ujanani aliandika hadithi, nne zikatoka gazetini Dar es Salaam, na moja ikashinda shindano. Watu wasiomjua wakamwandikia barua kutoka Lindi mpaka Kigoma. Moez aliwasimulia wateja habari hiyo mara kwa mara, na Leokadia alijifanya hasikii, huku pasi ikienda taratibu zaidi.

Sasa ukutani palikuwa na picha ya mtu mwingine. Alikuwa Bi. Ryu Bok-hi, fundi cherehani wa duka, mama wa miaka hamsini na minane aliyekaa dirishani akipunguza suruali na kubadilisha zipu. Kumbe huko Seoul alikuwa mwandishi wa riwaya. Alichapisha tatu kabla mumewe hajamhamishia Canada mwaka 1979, na tangu hapo hakuchapisha tena. Mwaka huu, 1996, riwaya yake ya nne ilikuwa imeshinda tuzo nyumbani kwao, na gazeti la Wakorea wa Toronto lilikuwa limeanza kuitoa, sura moja kila Ijumaa. Leokadia alikuwa amekula naye chakula cha mchana kwa zaidi ya miaka miwili, kwenye chumba cha nyuma, asijue lolote. Daftari aliloliona mkononi mwake kila mchana alidhani ni la barua za ndugu.

Moez aliuliza riwaya inahusu nini. Bi. Ryu akajibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza:

"Daraja. Jeshi linalivunja. Mtoto wa kike yuko ng'ambo hii, mama yake ng'ambo ile."

Hapo ndipo kola ilipoungua.

Hadithi hiyo Leokadia aliijua, kwa sababu ilikuwa yake. Majira ya baridi ya mwaka uliotangulia, siku moja theluji ilipowafungia wateja majumbani, alimsimulia Bi. Ryu jinsi askari wa Amin walivyoingia mwaka 1978, wakakalia nchi yote ya kaskazini ya Mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Yeye alikuwa kusini, shuleni. Mama yake alikuwa upande wa pili, Bunazi. Hawakuonana tena, na hakuna aliyejua kaburi lake. Bi. Ryu aliiweka sindano chini, akasikiliza mpaka mwisho, hakusema neno, kisha akairudia kazi yake. Wakati ule Leokadia aliona amepewa heshima. Sasa alijiambia kwamba yule mama alikuwa akichota tu, kama mtu aliyekuta kisima hakina mwenyewe.

Na kilichomuuma zaidi ni kwamba alikusudia kuiandika mwenyewe. Nyumbani alikuwa na daftari alilolianza mwaka 1981. Lilikuwa na kurasa kumi na moja.

Wiki zilizofuata zilikuwa chungu. Moez alianza kumwita Bi. Ryu "Mwandishi", na siku moja akasema bila kuwaza, "Mwalimu, hebu mpishe Mwandishi hapo." Wakorea walikuja na maua, wengine hawakuleta hata nguo ya kufua. Leokadia aliacha kula chumba cha nyuma; alikula amesimama, kando ya mashine ya mvuke. Alianza kuchukia vitu vidogo: kifundo cha nywele cha yule mama, jinsi alivyokata uzi kwa meno, jinsi alivyoinamisha kichwa akisifiwa, kama mtu anayeomba radhi. Aliuona unyenyekevu ule kuwa maringo yaliyovalishwa nguo nzuri.

Kanisani alimweleza Godelive, rafiki yake Mrundi. Godelive akatikisa kichwa, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Methali ile ilimganda Leokadia. Kila aliposhika shati aliikumbuka.

Ijumaa ya sita aliingia mzee wa Kikorea kuchukua koti lake. Alisimama kauntani akasoma sura mpya yote, ambayo Moez alikuwa ameibandika asubuhi ile, na alipomaliza alikuwa analia, anajifuta macho kwa risiti. Leokadia akamtazama yule mzee, akaona machozi yale ni ya mama yake yeye, wa Bunazi, na yanakwenda kwa mtu mwingine. Akaweka pasi chini. Akasema kwa Kiingereza, ili kila mtu aelewe:

"Hadithi hiyo ni yangu. Huyu ameniibia mama yangu."

Bi. Ryu alimalizia tundu la kifungo alilokuwa akilishona, akakata uzi, akakunja suruali ile vizuri, akatia mkasi wake mfukoni. Akainama kidogo kuwaaga, akatoka.

Moez hakumfokea Leokadia. Alingoja mzee aondoke, ndipo akasema:

"Mimi vitabu sivijui, Mwalimu. Lakini dukani nimeona wezi. Mwizi hakunji suruali ya watu kabla ya kuondoka."

Jumatatu Bi. Ryu hakuja, wala Jumanne, wala Jumatano. Nyumbani, Ella, binti wa Leokadia, alimsikiliza mama yake akilalamika jioni tatu mfululizo. Alikuwa na miaka kumi na minne, Kiswahili alikielewa chote na kukijibu kwa Kiingereza. Alichouliza ni kimoja tu, kama mama ameisoma hiyo hadithi. Leokadia akasema angeisomaje, imeandikwa Kikorea. Kesho yake Ella akarudi na msichana wa darasani kwake aitwaye Su-jin, akamkalisha jikoni, na kurasa zote sita Leokadia alizomwomba Moez zikatandazwa mezani.

Leokadia alishika penseli. Alikusudia kuweka alama kila atakaposikia kitu chake.

Su-jin alisoma polepole, akitafsiri kwa Kiingereza, mara nyingine akisimama kutafuta neno. Ilikuwa Seoul, Juni 1950. Vita vimefika, watu wanakimbilia kusini, na jeshi lao wenyewe linalipua daraja la Mto Han huku watu wangali juu yake. Msichana wa miaka kumi na miwili amekwisha kuvuka. Mama yake amerudi nyumbani kuchukua cherehani, kwa sababu bila cherehani watakula nini huko waendako? Msichana anasimama ukingoni mwa mto, anahesabu kila mwanamke aliyebeba kitu kizito kichwani.

Leokadia alingoja Kagera itokee. Alingoja migomba, alingoja shule, alingoja hata neno moja alilolitamka siku ile ya theluji. Sura ya sita ikaisha, na penseli haikuwa imegusa karatasi.

Akamuuliza Su-jin kama mambo hayo yalitokea kweli. Yule mtoto akashangaa. Alisema kila mtu kwao anayajua; bibi yake huyasimulia kila mwaka ukifika mwezi huo.

Aibu ilimshika Leokadia mpaka masikioni. Lakini wivu haukuondoka kuipisha aibu. Uliongezeka. Angekuwa mwizi, angemchukia na kulala usingizi. Sasa amchukie kwa lipi? Hadithi ilikuwa ya mwenyewe, na ilikuwa nzuri. Hata ikipitia kinywa cha mtoto anayetafuta maneno, ilikuwa nzuri, naye alijua kwa sababu aliwahi kuandika vizuri.

Jumamosi alipanda basi hadi Weston, kwenye maghorofa ya zamani kandokando ya Mto Humber, alikokuwa akiishi Bi. Ryu. Mlango ulipofunguliwa alipiga magoti, kama mwanamke wa Kihaya anavyomwamkia aliyemzidi umri. Bi. Ryu akashtuka, hakujua afanye nini, akapiga magoti na yeye. Wakabaki hivyo mlangoni, wanawake wawili wazima, mpaka jirani akapita na kapu la nguo akawauliza kama wameangusha kitu.

Ndani, Bi. Ryu alimimina chai ya shayiri. Leokadia akaomba radhi kwa maneno machache, kwa kuwa mengi yangekuwa ya kujitetea. Bi. Ryu akasema:

"Siku ile uliponisimulia, nilishindwa kusema. Na mimi ni mtoto wa daraja. Nilikuja Canada bila kuliandika lile jambo. Jioni ile ile nikaanza."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yako. Sikuchukua mama yako. Ulinionyesha wangu."

Ilikuwa kauli njema, na Leokadia alijua ni njema, hata hivyo ilimchoma. Yeye ndiye aliyewasha moto, na mwenzake ndiye aliyepika. Akauliza aliwezaje, katika nusu saa ya chakula cha mchana. Bi. Ryu akajibu kwamba siku nyingi aliandika vibaya, lakini hakuacha siku. Kisha akamwinamia karibu, akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Leokadia, si padre, si afisa wa uhamiaji, si marehemu mumewe.

"Mama yako siku ile alikuwa amevaa nini?"

Leokadia hakujua; siku ile alikuwa ng'ambo ya pili ya mto.

Bi. Ryu hakurudi dukani. Mwezi wa sita alikwenda Seoul kupokea tuzo na kuzindua kitabu, akakaa huko na dada yake. Moez alileta fundi mwingine. Leokadia alimwandikia barua mama yake mdogo, Bunazi, akimuuliza lile swali. Jibu lilichukua wiki saba, limeandikwa na mjukuu.

"Mwanangu," ilisema barua, "nani aliangalia nguo siku ile? Tulikuwa tunakimbia. Sote hapa tumejaribu kukumbuka, hatukumbuki."

Leokadia aliisoma mara mbili kwenye chumba cha nyuma. Akamwonea Bi. Ryu wivu upya, pengine kuliko mwanzo, maana yule alijua rangi ya sketi ya mama yake na kitambaa alichofunikia cherehani. Alikaa na wivu huo mpaka chakula kikapoa. Ndipo akachukua daftari lake, alilolileta kutoka nyumbani, akaziruka zile kurasa kumi na moja, akaandika kwenye ukurasa mpya: *Hakuna anayekumbuka mama yangu alikuwa amevaa nini.* Akaitazama sentensi ile, akaandika ya pili. Moez alipochungulia kumwambia kuna mteja, Leokadia hakuinua kichwa. Alimwomba amngojeshe kidogo.