Maneno Matatu ya Bi Somoe

1.
Maneno yenyewe usiniulize. Nakwambia mapema, wewe unayesoma, usije ukanuna mwisho.

2.
TANGAZO
Wazee wote waliotolewa damu kwa ajili ya utafiti wa kumbukumbu wafike kliniki, kila mmoja na ndugu anayeweza kujieleza. Majirani hawatapewa majibu.

3.
Jirani si mimi. Ndugu si mimi. Mimi ni Esha, mwali wake. Bi Somoe ndiye kungwi wa hapa Mtama. Nilipovunja ungo alinitia ndani akanifunda, na sasa mimi ndiye ninayemwogesha.
La kwanza alilonifunza: unaloambiwa mlango ukiwa umefungwa halitoki. Akikuuliza hata aliyekuambia, hujui.

4.
Shamsa, bintiye, amekuja kutoka Dar:
"Wewe darasa la saba utaongea nini na daktari? Shika kikapu."

Nikashika.

5.
Daktari akafunga mlango.
"Bibi, nakupa maneno matatu. Yashike, nitakuuliza."
Akayasema polepole. Bi Somoe aliinamisha kichwa, kama tulivyoinamisha sisi wali tukifundwa.
Baadaye:
"Haya bibi, yale maneno?"
"Yepi?"
"Niliyokupa."
"Hujanipa kitu, mwanangu."
"Hata moja?"
"Sijui."
Shamsa akacheka kwa pua. "Si nilikwambia, dokta? Kichwa kitupu."
Daktari akaandika sifuri.

Nami nikashika kikapu changu.

6.
Daktari alivyomweleza Shamsa:
"Damu inasema ugonjwa umo. Kuna protini imepanda, ni dalili ya uchafu unaoganda kwenye ubongo. Ila damu haisemi umekula mpaka wapi. Kuna mtu ana damu kama hii na bado anapika, anauza, hakosei rakaa. Ndiyo maana tunauliza maneno. Sasa kwa damu hii, na sifuri hii…"
"Namchukua Dar. Nyumba nafunga."
"Asikae peke yake, ni kweli."
Hakai peke yake.
Nilikohoa. Hakuna aliyegeuka.

7.
Alivyosahau kweli (simtetei kwa uongo):
jiko linawaka;
chumvi, akatia tena na tena, tukamwaga mchuzi;
jina la marehemu mumewe;
mimi. Asubuhi moja aliniita mwizi akanirushia mchi. Bega bado linauma.

8.
Bombani, wanawake wenzangu:
"Kungwi gani hajui leo siku gani?"
"Nyimbo za ndani je? Akija kuziimba mbele ya wanaume?"
"Hajaimba hata moja."
"Ataimba. Apelekwe huko mbali kabla hajatuumbua."
"Esha, mbona kimya? Au na wewe umeambukizwa?"
Wakacheka mpaka ndoo zikafurika.

9.
Jana nilikuwa namkanda miguu.
"Funga mlango."
Nikafunga. Akanivuta sikio. Akayasema maneno ya daktari.

La kwanza.

              La pili.

                            La tatu.

"Umesikia?"
"Nimesikia, somo."
"Umesikia nini?"
"Sijui."
Akanipiga kikofi cha shavu, amefurahi.
Kisha akanitazama sana.
"Wewe binti wa nani?"

10.
Leo.
Gari uani. Shamsa anapakia masufuria, ngoma ya unyago ya mama yake ameitupa chini.
"Ngoma ya nini Kimara? Nifukuzwe na mwenye nyumba?"
"Siendi," anasema Bi Somoe. Ameshika mwimo wa mlango. "Mniue hapahapa."
Simu inalia. Shamsa anaiweka sauti ya juu. Ni daktari: kabla hajaandika ripoti anauliza kama nyumbani kuna neno hata moja lililorudi. Likiwa limerudi, bibi anaweza kubaki kwake, na mtu wa kumwangalia.
"Haya, darasa la saba. Anaulizwa anayemwogesha. Kuna kitu?"

Nikisema, anabaki.
Nikisema, nimemvunjia la kwanza alilonifunza.

Bi Somoe ananitazama. Ni jicho lile la kungwi, linalosema thubutu. Au ni jicho la mtu asiyenijua kabisa. Hapa niliposimama siwezi kuyatofautisha. Damu nayo haiwezi.

"Sema, mjinga wewe!"

"Hukuchezwa unyago, Shamsa," namwambia. " Ulikuwa bweni."
"Na hiyo inahusu nini?"
"Zima simu. Vua viatu. Ingia ndani."

Mpaka leo hakuna aliyewahi kumwamrisha Shamsa katika nyumba hii isipokuwa mama yake. Anamgeukia mama yake.
Mama yake ameachia mwimo.

Nami naufunga mlango.

Wewe unayesoma, baki nje.

11.