Spana Ilikuwa Kisimani

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha trekta, mkwewe alikuwa chini kisimani, na binti aliyewaunganisha alikuwa zahanati na mtoto mwenye homa. Siku nyingine wasingeifanya kazi ile wawili tu. Lakini kisima kilikuwa kimejaa tope na shamba linanyauka, basi mkwe, ambaye ni fundi wa magari, alijifunga kamba kiunoni akashuka kukizibua. Kamba ilipita kwenye kapi lililoning'inia kwenye miti mitatu iliyosimikwa juu ya kisima, ikafungwa nyuma ya trekta. Trekta likienda mbele, aliye chini anapanda.

Hawakuwa na mazoea. Tangu harusi, mazungumzo yao yalikuwa shikamoo na marahaba, kila mmoja akitazama pembeni.

Fundi alipokuwa amejaza ndoo chache, chemchemi ilifumuka chini. Maji yakaanza kula ukuta, na pande la udongo likaanguka kwa kishindo.

"Mama, naomba unitoe," fundi alisema. Hakupaza sauti, na hapo ndipo mama alipoogopa kwelikweli.

Akaachia klachi kwa pupa. Trekta lilishtuka mara moja, likazima. Akageuza ufunguo. Tak. Akageuza tena. Tak, basi. Aliita majirani mpaka koo likamkauka. Mashamba yalikuwa matupu.

Alishuka akakimbilia kisimani.

"Usikaribie ukingo, unaniangushia udongo. Sema ukiwa hapo hapo. Taa nyekundu ya dashibodi inawaka?"

Alirudi kutazama. "Inawaka."

"Geuza ufunguo huku unaitazama."

"Inakufa kabisa. Nikiachia, inarudi."

"Betri nimeichaji jana mwenyewe. Umeme unakwama njiani."

"Marehemu mume wangu alikuwa anagusanisha stata kwa bisibisi, linawaka. Nifanye hivyo?"

"Usithubutu. Gia iko wapi?"

Mama alitazama mkono wa gia. Trekta lilikuwa kwenye gia. Lingewaka akiwa amesimama na bisibisi mbele ya gurudumu, lingempitia juu, na huku nyuma lingemburuta mtoto wa watu mpaka kwenye kapi. Aliitoa gia kwa mikono miwili, akavuta breki.

"Sasa geuza ufunguo, ushikilie kidogo, halafu shikashika nyaya. Unaochoma ndio mbovu."

Alishika kichwa kimoja cha betri: baridi. Cha pili: baridi. Akaufuata waya mweusi mpaka ulipofungwa kwenye bodi ya trekta, akarudisha mkono haraka.

"Huu umeniunguza. Nati imejaa kutu."

"Ifungue, ukwangue mpaka chuma king'ae."

"Spana iko wapi?"

Mama alisikia maji tu, yakibubujika.

"Ninayo mfukoni," fundi alisema. "Nitaifunga kwenye kamba, uivute."

"Kamba si umejifunga wewe?"

"Nitajifungua."

"Usijifungue. Ukuta ukidondoka nitakushika wapi?"

"Mama, maji yamefika shingoni, na hapa sisemi mafumbo. Bila spana, hii kamba ni mkufu wa urembo tu."

Aliivuta kwa mikono, kamba ikija nyepesi. Wepesi ule ulimtisha kuliko uzito wowote aliowahi kubeba. Spana ilitokeza imejaa tope. Akaikaza kwenye nati, ikateleza, ngozi ya kidole ikachunika. Akaikaza tena, nati ikakubali. Akakwangua waya na bodi kwa ncha ya panga, akafunga kwa nguvu zote. Kisha akairudisha kamba chini.

"Umeipata?"

Pande jingine lilianguka.

"Mwanangu," aliita, neno ambalo hakuwahi kumpa. "Mwanangu, nijibu."

Kikohozi. Kisha: "Vuta."

Akageuza ufunguo. Stata ilizunguka, injini ikanguruma. Akakaa kitini, akakanyaga klachi, akatia gia, akaachia breki. Alitaka kukimbia na trekta mpaka mwisho wa dunia, lakini aliiachia klachi taratibu, shingo ameigeuza nyuma, akisoma dua nusunusu kwa kuwa nyingine alikuwa ameisahau. Kamba ilikazika. Miti ikalia. Halafu mikono miwili ya tope ikakumbatia mti mmoja, na fundi akatambaa nje. Hakufika mbali kabla ukuta haujaporomoka wote nyuma yake.

Mama hakuweza kuondoa mguu kwenye klachi. Fundi ndiye aliyekuja, akazima injini, akamshika mkono kumshusha.

"Spana moja ya nyumba nzima unaishusha nayo kisimani," mama alisema. "Akili hiyo umeitoa wapi?"

"Nisamehe, mama."

Binti aliporudi na mtoto, aliwakuta wamekaa chini mbali na lile shimo, bega kwa bega. Akauliza kama kisima kimezibuka.

"Kisima hakuna tena," mama alijibu, akainuka kwa shida kwenda kumchemshia mkwewe maji ya kuoga.