Nyumba ya Ubongo

Wiki sita nilichokonoa jiwe ndani ya fuvu la dinosaria kwa sindano ya kushonea magunia. Mjomba Gervasi, mtaalamu wa mifupa ya kale, alilileta kwetu Nyamahanga kutoka kusini, chuo chao kilipofungwa kwa ajili ya vita. Alitaka kujua ubongo wa yule mla nyama ulikuwaje. Wenyewe ulioza zamani. Imebaki nyumba yake, imejaa jiwe.

"Deodata, bado unamchokonoa shetani meno?" alinitania jirani yetu Marsiana, jembe begani, akienda shamba la kijiji.

"Meno yamebaki kusini, dada. Hiki ni kisogo."

Siku hiyo lori la maharage ya askari lilikuwa linaondoka saa kumi jioni, na mjomba lazima arudi nalo. Asubuhi nikamwambia jiwe limekwisha. Akachungulia kwa tochi, akakunja uso.

"Haiwezekani. Kichwa kama meza, ubongo kama muhogo? Huko mbele bado."

Akashika nyundo na patasi. Pale ukuta wa mfupa ulikuwa mwembamba kama kigae cha chungu. Ukivunjika, hakuna atakayejua tena ubongo ulikuwaje.

"Mjomba, subiri. Sikiliza." Nikagonga kwa sindano, kwanza kwenye jiwe la nje: sauti butu. Kisha mle ndani: ti, ti. "Huo ni mfupa. Na mamba aliyeuawa na baba kule Rusumo, kichwa nilikipasua mimi. Kirefu hivi, ubongo kidole tu."

"Mamba ni mamba."

"Basi paka kwanza ule mpira wako wa kuchukulia umbo. Ukikosa, nyundo ipo."

Akanitazama, akacheka kwa pua. Tukapaka mpira wa majimaji ndani, tukaacha jua liukaushe, tukapaka tena. Saa tisa akauvuta taratibu, kama anayemvua mtoto soksi. Ukatoka mzima: mwembamba, na mbele shina refu lenye vinundu viwili kama vitunguu.

Mjomba alikaa chini.

"Vya kunusia," akasema. "Angalia ukubwa wake! Huyu aliwinda kwa pua, na mimi nilitaka kumvunja pua."

Lori likapiga honi. Akauficha ule mpira kifuani, fuvu akaniachia.

"Deodata!" alipaza sauti kutoka juu ya magunia. "Njia za sikio la ndani! Bado zina jiwe!"

Nilikuwa nimeshaziona, tatu, nyembamba kama mabua ya ulezi. Nikatafuta sindano ndogo zaidi.