Kundi la Kawaida

Daktari Hosea aliinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akakitikisa kidogo, akasema bado hakijafika kwenye mstari. Mbele yake Kijakazi akainama tena, akalikamua titi la kushoto kwa vidole viwili kama alivyofundishwa. Yalitoka matone, yakakatika, yakatoka tena. Mapajani mwake Mselem, wa miezi minne, aligeuza kichwa kufuata harufu, na kila alipofumbua kinywa mama yake alimsogeza kwa kiwiko. Titi la mradi halinyonywi mpaka kichupa kijae.

Mradi ulifika kijijini Moa baada ya Idi, kuchunguza jinsi chakula cha mama kinavyobadili maziwa yake. Wanawake wanaonyonyesha walipigishwa kura. Waliookota karatasi ya kijani walipewa kapu kila wiki: samaki, mayai, maharage, machungwa na chupa ya mafuta ya samaki. Waliookota nyeupe waliitwa kundi la kawaida. Hao waliambiwa waendelee kula walivyozoea, wasibadilishe kitu, na kwa maziwa watakayotoa watoto wao watatibiwa bure na daktari wa mradi. Kijakazi aliokota nyeupe.

Alichozoea yeye ni muhogo wa kuchemsha asubuhi, na jioni ugali kwa mchunga, mboga chungu ya porini. Mumewe alivuka mpaka kwenda kutafuta kazi Mombasa mimba ikiwa ya miezi sita, na tangu hapo hajaleta hata salamu. Kutwa Kijakazi alikwangua chumvi kwenye mashamba ya tajiri, mtoto mgongoni, miguu imechanikachanika kwa maji makali. Samaki aliwaona wakipita tu, wamelazwa kwenye barafu, gari la mnunuzi likiwapeleka mjini.

Jirani yake Samiha alipata kijani. Baina ya nyumba zao palikuwa na ua wa makuti, na kilio cha Mselem kilipenya kama ua haupo. Wiki tatu Samiha alikula akikisikia. Ya nne alishindwa, akapitisha bakuli juu ya ua: kichwa cha samaki aina ya changu, yai moja, kijiko cha yale mafuta. Akamwambia shoga yake ale upesi, wala asimshukuru.

Kijakazi alikula amesimama, akalamba vidole, akafukia miba. Kesho yake bakuli likaja tena. Maziwa hayakumwagika kwa wingi, lakini Mselem aliacha kupigana na titi, akawa ananyonya mpaka usingizi unamchukua. Mashavu yakaanza kujaa. Kijakazi alimtazama kwa wizi, akiogopa hata kulitamka neno kunenepa.

Wiki ya nane aliitwa peke yake. Mtoto alikuwa amechemka homa tangu alfajiri, na dawa yake ilikuwa tayari mezani.

"Shikamoo, daktari," alisema, ingawa Hosea alikuwa mdogo kwake.

"Marahaba. Kaa, mama." Alikuwa na karatasi mkononi. "Unakula samaki."

"Sili, daktari. Nitampata wapi?"

"Maziwa yamesema. Ukila mafuta ya samaki leo, kesho yamo kwenye maziwa. Wenzako wa kundi lako hawana. Wewe unayo. Anakupa nani?"

Kijakazi alivuta kanga kufunika kifua. Hakujua kama kifua cha mtu kinaweza kumsema.

Hosea hakupaza sauti. Alimweleza taratibu, kama mwalimu na mwanafunzi mzito, kwamba lazima wawepo wasiopata, ili ionekane waliopata wamepata nini. Matokeo yakitoka, alisema, yatawafaa akina mama nchi nzima.

"Na huyu?" aliuliza Kijakazi, akimwonyesha Mselem.

"Wewe ulikubali, mama. Uliweka dole gumba." Akaigusa chupa ya dawa, akaivuta upande wake wa meza. "Nitajie jina, tumalize."

Mtoto alikuwa anahema haraka haraka, kichwa kimemwangukia mama yake mkononi, cha moto kama jiwe la jikoni. Kijakazi alitazama sakafu. Alipolitaja jina la Samiha sauti haikutoka vizuri, ikabidi alitaje mara ya pili.

Hosea akaandika. Akampa dawa, kisha akaichukua kadi ya matibabu ya mtoto, akaifungia kwenye saraka ya meza. Maziwa yake yameshaharibika kwa mradi, alisema, hayafai tena kupimwa. Kuanzia leo asisumbuke kuja.

Samiha hawakumwondoa. Walimhitaji. Lakini kapu lake halikwenda nyumbani tena. Aliamriwa awe anakuja kula zahanati kila siku, mbele ya mtu wa mradi.

Siku ya nne Kijakazi alikuwa anarudi kutoka kwenye chumvi, Mselem mgongoni, amekuwa mwepesi tena. Harufu ya samaki ilimfikia kabla hajafika kwenye uzio wa waya wa zahanati. Watoto wawili wakubwa wa Samiha, waliokuwa wakila kwenye kapu lile lilipokuwa likija nyumbani, walisimama nje wameshika waya, kimya. Barazani mama yao alitafuna kipande cha mwisho, akameza kwa taabu. Msaidizi wa Hosea, msichana wa miwani, aliwasha tochi ya simu.

"Fungua kinywa. Panua. Inua ulimi."

Samiha akapanua. Juu ya bega la yule msichana macho yake yakakutana na ya Kijakazi, yakaganda hapo, kinywa kikiwa wazi na mwanga umejaa mpaka kooni.